Adhana ya Saa Moja Kasoro Kumi

Tende ilikuwa imeshavuka meno ya Bi Amne pale Ghalibu alipotoka uani na kopo la kutawadhia mkononi, kanzu ameikunja hadi magotini, akauliza, "Nani huyo anaadhini?"

Angeuliza mtu mwingine, isingekuwa kitu. Lakini mwadhini wa msikiti mdogo wa mtaa wao, pale Chemchem, Tabora mjini, ni Ghalibu mwenyewe, mwaka wa ishirini na mbili huu. Na sauti iliyokuwa ikipita juu ya mabati jioni ile ilikuwa yake: ile ile inayoanza chini kama mtu anayejitwisha gunia, kisha inasimama wima. Wanawake tisa walioketi jamvini kwa mkewe walimtazama yeye, wakatazama dirisha, wakamrudia yeye. Sauti ilikuwa inawaita watu kwenye swala. Mwenye sauti amesimama mlangoni anadondosha maji.

"Temeni," alisema Thuraya, mkewe. "Jamani, temeni!"

Walitema. Kwenye visosi, kwenye viganja, kwenye pembe za mitandio. Bi Amne, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameshameza na kushushia uji. Alibaki ameshika koo kana kwamba angeirudisha tende kwa mkono. Mfungo ulikuwa umefika kumi na moja, masika yamekaa, mbingu imeziba tangu adhuhuri kama sufuria iliyofunikwa. Hapakuwa na jua la kumsuta mtu. Umesikia adhana, umekula.

"Saa ngapi?" aliuliza Ghalibu.

Simu zikachomolewa vifuani. Saa moja kasoro kumi. Magharibi ya siku ile ilikuwa saa moja kasoro dakika moja.

"Dakika tisa!" alilia mmoja. "Kiu ya kutwa nzima imekwenda kwa dakika tisa!"

Huko nje wanaume wa barazani msikitini walikuwa wanapiga kelele, "Bado! Bado!" na mtu mmoja anagonga birika kwa kijiko kuwazuia waliokuwa mbali. Adhana ikaisha. Halafu, badala ya kunyamaza, ikaanza upya, safari hii polepole, imevutwa kama kanda iliyoloa maji, na nyuma yake minyororo ikikokotwa, na mbuzi.

Thuraya aliweka bakuli chini. "Inatoka ghalani," alisema. "Ni Murtadha."

Ghalibu alishusha kanzu yake, akaitandaza vizuri miguuni, akatoka kwenda kuadhini mara ya pili adhana ambayo hakuwa ameiadhini mara ya kwanza.

* * *

Murtadha ni mtoto wa marehemu mdogo wake Ghalibu. Amekulia Dar es Salaam, na kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni msanii wa sauti. Usidhani anaimba. Haimbi, hapigi kinanda, hapigi hata zumari. Kazi yake ni kukusanya kelele ambazo watu wengine wamehangaika maisha yao yote kuzikwepa, kuzichanganya kwenye kompyuta, na kuwafungulia watu waliokaa gizani mpaka mmoja wao aseme amepata hisia. Alikuja Tabora wiki moja kabla ya mfungo na mabegi manne ya nyaya, spika kubwa kama makabati, na mwenzake Advera, binti wa Kihaya anayeshughulika na picha za ukutani. Wafadhili fulani walikuwa wamempa kazi ya kuifufua njia ya zamani ya misafara. Ile njia iliyopita hapa na meno ya tembo na watu waliofungwa minyororo shingoni, sasa ingepita tena, kwenye ghala kuukuu la tumbaku karibu na stesheni, kwa umeme.

Basi alikuwa anazunguka na maikrofoni yake iliyovishwa manyoya, ameichomeka kwenye fimbo kama paka aliyekufa. Alinasa breki za treni. Alikwenda Usoke kunasa wanawake wanaochambua tumbaku, akarudi analalamika kwamba walikuwa wanaongea. Alinasa mchi wa Thuraya, mlango wa Thuraya, na koo la Thuraya akinywa maji. Siku moja alimwambia Ghalibu, "Ami, niadhinie nikunase. Ni kumbukumbu ya ukoo." Na Ghalibu, mtu mpole ambaye hakuna aliyewahi kumwomba kumbukumbu ya chochote, alivaa kanzu mpya na kuadhini mara mbili, ya pili ikiwa nzuri zaidi.

Asubuhi ya baada ya balaa lile Thuraya hakungoja mtu amtume. Alijitupia buibui akaenda ghalani. Alimkuta Murtadha amekaa juu ya spika anakula mkate.

"Mama mkubwa, shikamoo! Umesikia?"

"Marahaba. Nimesikia. Tabora nzima imesikia."

"Ulisikia mji ulivyojibu?" Alishuka, uso unang'aa. "Watu mia ngapi wanatafuna kwa pamoja! Halafu zile kelele za bado, bado! Mama mkubwa, kuna watu wanaandika maombi ya ufadhili miaka mitatu hawapati kitu kama kile."

"Murtadha, watu wana siku ya kulipa. Wazee. Bi Amne ana sukari, anafunga kwa kujikaza."

"Ndiyo maana nasema ni kitu kikubwa."

Thuraya aliutazama mkate. "Wewe hukufunga?"

"Nina vidonda vya tumbo."

"Tangu lini?"

"Tangu Dar."

Advera alikuwa juu ya ngazi anafunga projekta kwa kamba. Alisema bila kugeuka, "Mama, nilimwambia ajaribu kwa spika za masikioni. Hakutaka."

"Masikioni husikii nafasi," alisema Murtadha.

"Nafasi ipi?" aliuliza Thuraya. "Ile iliyobaki tumboni kwa watu? Sikiliza, mwanangu. Ami yako wanamsema yeye. Wanasema amezeeka, amesinzia, ameadhini usingizini. Marwan wa mchele anaitisha kamati. Twende sasa hivi ukaseme umebonyeza wewe."

"Nitasema, mama mkubwa. Lakini siyo barazani kwa wauza mchele. Jumamosi, kwenye tendo lenyewe, onyesho letu hapa ghalani, mbele ya mgeni rasmi. Wazee wote nimewaalika, na futari ipo. Ikisemwa ndani ya kazi itakuwa na uzito."

"Uzito wa nini? Maneno mawili! Nilibonyeza mimi."

"Ni matatu," alisema Advera kutoka juu. "Hapana, ni mawili kweli."

Hapo ndipo Thuraya alipoona kitaa chekundu kikiwaka kwenye kitu kidogo alichokishika Murtadha mkononi, mkono usiokuwa na mkate.

"Hicho nacho ni nini?"

"Endelea tu, mama mkubwa," alisema Murtadha kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza ndege asiruke. "Uko vizuri sana."

* * *

Thuraya ni mtu wa watu. Nyumba yake ikiwa na wageni watatu anasema iko wazi. Jioni za mfungo jamvi lake lilikuwa halina pa kuweka goti: tambi, mihogo ya nazi, katlesi, na habari za kila nyumba zikipita pamoja na sahani. Siku iliyofuata walikuja wawili. Bi Amne, kwa sababu angekwendaje kwingine wakati mlango ni ule ule, na Suzana, ambaye hafungi kabisa, ni Mkristo wa Puge huko Nzega, anauza chai na chapati karibu na stendi.

Bakuli la tambi alilopeleka nyumba ya tatu lilirudi limejaa vile vile, halina hata kawa. Mleta bakuli alisema, "Mama anasema ahsante, leo wamepika." Wamepika! Nyumba ambayo tangu mfungo mosi ilikuwa inaishi kwa tambi za Thuraya.

Kwa Ghalibu ilikuwa mbaya zaidi. Ana duka la vipuri vya baiskeli, mlango mmoja, na sasa kila aliyepita alipunguza mwendo. Saa sita mchana, jua kali, kijana wa bodaboda anaegesha, anachungulia, anauliza kwa adabu zote, "Shehe, tuanze?" Anaondoka. Anakuja mwingine. "Shehe Ghalibu, tuanze, au bado?" Na Ghalibu anajibu, "Bado, mwanangu," kwa sababu hajui kujibu vibaya. Ilipofika alasiri mtaa mzima ulikuwa unasalimiana hivyo. Shikamoo imewekwa pembeni. Ni tuanze, tuanze.

Binti yao Manal, aliyeolewa Urambo, alipiga simu. "Mama, ni kweli baba ameadhini saa tisa?"

"Saa tisa! Nani kakwambia saa tisa?"

"Huku kwenye mnada wa tumbaku wanasema saa tisa alasiri, na shehe mkuu kaanguka."

"Hakuna aliyeanguka. Ni dakika tisa, na si baba yako, ni Murtadha na mashine zake."

"Basi si aseme?"

"Atasema Jumamosi. Anatafuta uzito."

Suzana alikuwa pale jikoni anamsaidia kumenya mihogo. Alicheka mpaka kisu kikamwanguka. "Mama Manal, mwenzangu, mimi ninachoshangaa ni hawa wanaolia. Kuna watu wanalia dakika tisa, na saa nne asubuhi nimewamiminia chai kwa mkono huu."

"Nani?"

"Ah, siwezi kutaja wateja wangu."

"Anavaa kofia ya Kiomani, ana meno mawili ya dhahabu?"

"Mimi sijataja mtu," alisema Suzana, akaokota kisu. "Lakini anapenda chapati ya kuungua kidogo."

* * *

Kamati ilikaa Alhamisi baada ya alasiri, na ilikaa kwenye baraza ya Ghalibu mwenyewe, ili ahukumiwe bila kuvaa viatu. Wazee saba. Marwan wa mchele, mwenyekiti, mwenye kofia ya Kiomani na meno mawili ya dhahabu, alikalia kiti pekee chenye mgongo. Thuraya alikuwa nyuma ya pazia la mlango, na mezani kwake jikoni palikuwa na mihogo, na palipo na mihogo palikuwa na Suzana.

"Sisi hatukuja kumlaumu mtu," alianza Marwan, na kila aliyemjua alijua kitakachofuata. "Shehe Ghalibu ni ndugu yetu. Ametumika. Lakini watu wana maneno, na maneno yakiwa mengi mtu anapumzishwa. Siyo kuondolewa. Kupumzishwa. Mkwe wangu Ngollo ana sauti, ana nguvu, mnara anaupanda mbio."

"Msikiti hauna mnara," alisema mzee mmoja. "Una ngazi."

"Ngazi anaipanda mbio."

"Si mimi niliyeadhini," alisema Ghalibu. Alisema taratibu, akiangalia vidole vya miguu yake. "Nilikuwa natawadha. Wanawake tisa waliniona."

"Wanawake tisa wanaokula kwako," alisema Marwan.

"Ilikuwa mashine ya kijana."

"Sauti ni ya nani?"

"Yangu."

"Uliitoa mwenyewe, au uliporwa?"

Ghalibu aliitoa mwenyewe. Mara mbili.

"Basi," alisema Marwan, akikunjua mikono kama mtu aliyemaliza kupima mchele. "Mimi binafsi siku ile niliumia. Nimefunga tangu alfajiri, mate yamekauka, napata tende moja, naambiwa haikuwa halali. Mtu mzima nikalia, wallahi."

Pazia lilitikisika. "Wazee wangu, shikamooni," ilisema sauti ya Thuraya. "Nina swali dogo tu. Kabla hamjampumzisha mtu, naomba wote waliopotezewa funga yao Jumanne wajihesabu, tujue ni wangapi. Suzana wa chai yuko hapa ndani, anaweza kutusaidia kuhesabu. Ana kumbukumbu nzuri sana."

Kila mtu akaanza kukumbuka alichokula. Mzee mmoja akaanza kukohoa. Marwan alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Hakuna haja ya kuwasumbua akina mama," alisema. "Tuseme hivi. Mpaka Jumamosi. Wote tumealikwa kule ghalani. Kijana akisema kwa kinywa chake kwamba ni yeye, Shehe Ghalibu ataadhini magharibi hapo hapo, tufungue kwa sauti yake, yaishe. Asiposema, Ngollo apande."

Walipoondoka Ghalibu aliingia ndani, akakaa kwenye kochi. "Umewatisha wazee," alimwambia mkewe.

"Nimewatisha mahali wanapostahili."

"Mimi sitaki wanirudishe kwa kuogopa chapati, Thuraya. Nataka waamini."

"Kwanza warudi," alisema Thuraya. "Kuamini kutakuja na njaa."

* * *

Jumamosi mvua ilinyesha tangu saa nane. Ghala lilikuwa na giza hata kabla ya milango kufungwa. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, jenereta ya Murtadha inanguruma uani, na ndani wamepanga viti kama vya harusi: mbele mgeni rasmi, afisa mmoja wa utamaduni aliyevaa suti ya harusi yake, kando yake watu sita kutoka Dar wenye miwani mikubwa na viatu vya kupandia mlima, nyuma yao kamati ya msikiti, kanzu zimelowa pindoni, nyuma kabisa wanawake. Ukutani, kwenye meza ndefu, futari imefunikwa kwa khanga. Tende zimeshagawiwa mikononi, mbili mbili, kwenye karatasi.

Tendo likaanza saa kumi na mbili. Kwanza hapakuwa na kitu. Dakika nzima ya kitu hicho. Kisha ukutani zikatokea nyayo, kubwa kama mitumbwi, zinakanyaga vumbi polepole, na spika zikaanza kutoa sauti ya mtu anayekokota gunia la misumari. Ikaendelea. Ikaendelea tena. Mtu mmoja wa miwani alifumba macho na kutikisa kichwa kama aliyepokea taarifa ya msiba. Mgeni rasmi, kuona vile, naye akafumba, ila yeye alisinzia. Murtadha alikuwa katikati, mbele ya kompyuta yake, anazungusha vidude kwa vidole viwili na kurudi nyuma kwa mshtuko, kana kwamba vimemuunguza.

Thuraya alisikia mchi wake. Aliutambua, una ufa. Mchi ukawa ngoma, ngoma ikawa treni, na juu ya treni ikaja sauti ya mwanamke mmoja mwenye hasira: *Tabora nzima. Nzima. Nzima. Nzima.* Bi Amne alimpiga kiwiko. "Si wewe huyo?"

"Nyamaza."

*Watu wana siku ya kulipa. Ya kulipa. Lipa. Pa. Pa. Pa.*

Watu wa miwani wakatazamana na kukubaliana. Walikuwa wanasikia uchungu wa wapagazi wa karne ya kumi na tisa. Alikuwa Thuraya, Jumatano asubuhi, anagombana na mtoto wa shemeji yake kuhusu tende.

Saa moja kasoro robo Murtadha alizima kelele, akashika maikrofoni. Kamati ikajiweka sawa. Ghalibu, aliyekaa pembeni karibu na mlango, alisimama bila mtu kumwambia, akashusha mikono.

"Jumanne," alisema Murtadha, "mji huu ulisikia sauti ya ami yangu ikiadhini kabla ya wakati."

Marwan aligeuka na kuwatazama wazee wenzake, mmoja mmoja.

"Ninauliza. Sauti ni ya nani? Wakati ni wa nani? Mimi na Ami na mji tulikosea pamoja, na katika kukosea kule tulikutana. Sitaki kusema nani alifanya. Nani alifanya ni swali dogo."

Wale sita wakapiga makofi. Mgeni rasmi akaamka na kupiga makofi. Ghalibu alibaki amesimama, na ilikuwa kama amesimamishwa darasani.

Thuraya hakujua amefikaje mbele. Picha ya nyayo ilikuwa bado inawaka, zikamkanyaga kifuani na usoni. "Murtadha. Sema ulibonyeza wewe."

"Mama mkubwa, kazi haielezwi. Ukiieleza inakufa."

"Ife!"

"Mama mkubwa, tafadhali, wageni..."

"Wageni wamekula mchi wangu na maneno yangu, sasa nao wasikie na hili. Ami yako kakulea miezi mitatu baba yako alipokufa. Kwako wewe nani alifanya ni swali dogo. Kwake ndiyo swali lenyewe!"

Murtadha alitabasamu kwa wale wa miwani, tabasamu la kuomba radhi kwa ndugu wa shamba. Alikuwa ameshafungua kinywa kusema kitu kizuri zaidi pale sauti nyingine ilipotoka kwenye spika zote nne, kavu kabisa. Ilikuwa Advera, kwenye meza ya projekta, ameshika maikrofoni ya akiba.

"Shikamooni wazee. Mimi naitwa Advera. Jumanne saa moja kasoro kumi tulikuwa tunajaribu spika, mlango uko wazi. Adhana ile ilikuwa kwenye kompyuta. Murtadha alibonyeza. Nilimwambia asibonyeze. Mzee alikuwa kwake. Basi." Akaweka maikrofoni chini, akazima nyayo.

Mvua ilipiga juu ya bati. Murtadha aliangalia kompyuta yake. "Umeua mwisho wangu," alimwambia Advera.

"Pole," alisema Advera, akaanza kukunja nyaya.

Marwan alisimama. Hakuwa na njia. Wazee sita walikuwa wanamtazama yeye, na mwanamke wa chapati alikuwa amekaa safu ya nyuma, hata sijui nani alimwalika. "Alhamdulillahi," alisema Marwan. "Tumesikia. Shehe Ghalibu, tulisema, na tumesema. Wakati ukifika, tuadhinie."

Bi Amne alipiga kigelegele, akakikatisha katikati akikumbuka mahali. Thuraya alirudi kwenye kiti chake. Amerudishwa! Mbele ya afisa, mbele ya kamati, mbele ya watu wa Dar. Kesho jamvi litajaa, na ile nyumba ya tatu italeta bakuli lenyewe kwa miguu yake.

Ghalibu alikwenda mlangoni. Murtadha alimkimbilia na maikrofoni. "Ami, chukua hii."

"Iondoe."

Alifungua bawa moja la mlango. Nje mvua na kijivu, hakuna jua wala dalili ya jua, na kutoka msikitini hapakusikika kitu, umeme hakuna. Ghalibu alitazama saa yake ya mkononi, akangoja. Akangoja tena, akaongeza dakika nzima ya tahadhari ambayo hakuwahi kuiongeza kwa miaka ishirini na miwili. Kisha akaweka viganja masikioni, akaadhini kwa koo tupu.

Ilianza chini, ikajitwisha, ikasimama. Thuraya alinyanyua tende mpaka mdomoni. Halafu akaona mikono ya wengine.

Haikunyanyuka. Kamati yote ilikuwa imeshika tende, hewani, kati ya magoti na midomo. Mzee mmoja alimtazama mwenzake. Mwenzake alitazama mlango. Bi Amne alikuwa ameegemea mbele, macho kwenye mdomo wa Ghalibu, kama anayehakikisha kwamba unakwenda sawa na maneno. Kisha, mmoja baada ya mwingine, kimya kimya, wakaanza kuchomoa simu. Nyuso zikawaka rangi ya samawati gizani. Saa ilikuwa saa moja na dakika moja, kila mtu aliiona, na bado hakuna aliyekula. Mwanamume anawaita kwenye swala, mita kumi, mgongo wake umelowa, na wao wanasoma tarakimu.

Thuraya alikula. Alitafuna tende yake peke yake, kwa makusudi, mdomo wazi, sauti ya kutafuna ikisikika safu tatu. Bi Amne alimtazama kwa huruma. "Ngoja kwanza, shoga," alimnong'oneza. "Ngoja tuwe na hakika."

Ghalibu alikuwa amefika katikati pale simu ya Marwan ilipolia ndani ya kanzu. Ni zile programu za adhana za kupakua, na hiyo yake ilikuwa inachelewa dakika mbili. Mtu gani ameadhini humo, wa nchi gani, amefunga au hakufunga, hakuna anayemjua. Sauti nyembamba, imepita kwenye kispika kidogo kama tundu la kitufe. Marwan aliitoa, akainyanyua juu wote wasikie.

"Haya," alisema. "Tayari. Bismillahi."

Na ghala zima likatafuna.

Ghalibu alisikia. Hakugeuka. Aliimaliza adhana yake yote, hakuruka neno, huku nyuma yake mgeni wa kwenye simu anafuata kwa kuchelewa, na watu wanachukua tende ya pili. Alipogeuka Marwan alikuwa wa kwanza kumpa mkono, kinywa kimejaa.

"Mashaallah, shehe! Kama zamani! Alfajiri tunakungoja ngazini."

Ghalibu aliutazama ule mkono, na simu iliyokuwa kwenye mkono wa pili, ambayo ilikuwa bado inaadhini.

"Ipandishe hiyo," alisema. "Mimi nitalala."

"Unasemaje, shehe?"

Hakurudia. Murtadha alikuwa ameshafika, maikrofoni yake yenye manyoya imenyooshwa kati yao. "Ami, samahani, hebu sema tena. Mvua imeifunika."

Thuraya alimsogeza kwa bega, si kwa nguvu, kama unavyosogeza mbuzi mlangoni. Alimpa mumewe tende iliyobaki kwenye karatasi yake, maana katika watu wote wa ghala lile yeye peke yake alikuwa bado hajafungua. Ghalibu aliila amesimama kizingitini, akalamba vidole, akatoka kwenye mvua. Mkewe akamfuata. Nyuma yao khanga ilikuwa imeshafunuliwa mezani, na watu wanasukumana kwenye mihogo.